Refa na Mtungi wa Maji

Alibeba kadi zake hata akienda dukani kununua mkate. Ya njano na nyekundu, zilikaa katika mfuko wa shati upande wa moyo, kingo zimechakaa kwa kutolewa kila mara. Ukiacha mfereji wa uani ukitiririka, unaonyeshwa njano. Ukimwaga maji ya sabuni mbele ya mlango wa mwenzako, unaonyeshwa nyekundu, na hapo hakuna mjadala, unaingia nyumbani kwako. Nimeona mama mzima, mtu wa kuheshimiwa kanisani, akijifunga leso vizuri na kuingia ndani huku akinuna na kucheka kwa pamoja, kwa sababu ameonyeshwa nyekundu na mzee aliyevaa slipa.

Ploti yetu ya Makadara, vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, yote ilimwita Refa. Hata mkewe, aliyekaa shambani Kakamega, akipiga simu yangu aliuliza, "Refa amekula?" Alikuwa amestaafu kazi ya reli, lakini ukimuuliza alifanya nini maishani, alikuambia kuhusu mechi.

Mimi hushona jezi. Kazi hii nilijifundisha kwa video za simu na kwa kuharibu vitambaa vingi. Namba nane ikikaa upande kidogo, kiasi ambacho mteja hawezi kukiona, naifumua. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma kuhakikisha umefungwa, na nikifika barabarani najiuliza kama niliusukuma vya kutosha. Watu huniambia nitulie, kana kwamba sijawahi kulifikiria jambo hilo. Refa ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kwamba wasiwasi wangu unaweza kuwa kazi.

"Binti," alisema siku moja akinitazama nikipima mkono wa jezi kwa mara ya tatu, "wewe una macho ya kibendera."

Ndivyo nilivyokuwa mshika kibendera wake kila Jumapili alasiri. Sheria za mchezo nilizisoma mwenyewe kwenye simu mpaka nikaziota. Yeye hakuzisoma. Alizijua kama mtu anavyojua kwake, gizani, bila kugonga meza.

Uwanja wenyewe uko kati ya Kariobangi na Baba Dogo, wa vumbi jekundu, umeinama upande mmoja. Nyuma ya goli la chini kuna mabati ya mafundi wa jua kali. Mpira ukipaa ukatua huko, mafundi huurudisha wakimaliza kuchomelea, si kabla. Timu za pande zote mbili zilimtaka Refa kwa sababu hakuwa wa Kariobangi wala wa Baba Dogo, na kwa sababu ilijulikana kwamba hanunuliki. Kuna mtu aliyewahi kumtumia kuku. Refa alimrudisha yule kuku akiwa hai, kwa boda boda, na kadi ya njano imefungwa shingoni.

"Mimi sioni jezi," alipenda kusema. "Naona miguu."

Na jingine: "Refa akianza kujieleza, ujue mechi imemshinda." Katika miaka yote niliyokimbia naye sikumsikia akieleza uamuzi hata mmoja. Walimzunguka, wakapiga kelele, wakamtajia mama yake. Yeye alitazama saa.

Sasa mtu huyuhuyu alikuwa mwizi kwenye drafti. Nalisema kwa upendo. Tulicheza kwa vifuniko vya soda kwenye kibanda cha Mama Supu, pale langoni, na ukigeuka kuitikia salamu tu, kifuniko kimoja kimehama. Ukilalamika, anakuonyesha njano kwa kumkosea mzee heshima. Alichukia kelele za redio ya jirani, lakini kila asubuhi aliimba nyimbo za dini bafuni hadi mabati yakatetemeka. Alimkemea mchezaji yeyote aliyejiangusha akijifanya ameumia, ilhali mimi nilimsindikiza kuchomwa sindano ya pepopunda na akashika mkono wangu kama mtoto anayevushwa Jogoo Road.

Lakini ukitaka kumjua, anza na mtungi. Ulikuwa wa njano, uliwahi kuwa wa mafuta ya kupikia, na aliubeba kila mechi ukiwa umejaa maji yaliyochemshwa. Aliamini maji kuliko kitu chochote duniani, isipokuwa Mungu, na hata hapo sina uhakika. Kichwa kikikuuma, kunywa maji. Huna hamu ya kula, maji. Umeachwa na mchumba? Nilipewa glasi mbili. Katikati ya mechi alisimamisha mchezo, akatazama kila mchezaji akimeza, naye akanywa kuliko wote.

"Mchezaji mkavu huona vitu ambavyo havipo," alisema.

Kisha ikaja presha. Kanisa lilikuwa na Jumapili ya afya, wakamfunga kile kitambaa mkononi, mashine ikanung'unika, wakamwambia aende kliniki. Kliniki ikampa amlodipini, kidonge kidogo cheupe, kimoja kila siku. Nilisoma kukihusu usiku huohuo, maana ndivyo nilivyo. Kinazuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye misuli ya mishipa ya damu, mishipa inalegea, presha inashuka. Mamilioni ya watu wanakimeza na wako sawa. Wakamwambia pia apunguze chumvi na anywe maji ya kutosha.

Umwambie mtu kama yule anywe maji ya kutosha!

Kidonge alikimeza kila asubuhi taarifa ya habari ikianza, hakukosa. Chumvi aliiacha kabisa. Mama Supu, ambaye supu yake ya kichwa inajulikana hadi stejini kwa matatu, alionyeshwa njano mbele ya wateja kwa kutaka kumtilia kidogo tu. Miguu ya Refa ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Hilo ni jambo ambalo kidonge hicho hulifanya kwa watu wengine, na angelisema kliniki wangemweleza. Hakulisema. Aliamua peke yake kwamba ni uchafu wa damu umeteremka miguuni, na kwamba unahitaji kusukumwa. Akaongeza maji. Sisi tukampongeza. Wazee wangapi wana nidhamu kama hiyo?

Fainali ilikuwa Kariobangi na Baba Dogo, na zawadi ilikuwa mbuzi. Alifungwa kwenye mti wa goli la mazoezi, beberu mweupe mwenye doa jicho moja, akitazama mchezo kuliko baadhi ya mashabiki. Kariobangi walipata bao mapema, bao safi. Kipindi cha pili Baba Dogo wakawabana. Mshambuliaji wao, mwembamba, mwepesi, akaingia kwenye boksi, akachotwa miguu yote miwili. Kila mtu aliona. Mbuzi aliona.

Refa alipuliza. Akatembea polepole, kama mtu anayevuka chumba chenye giza. Akatoa nyekundu. Akamwonyesha yule aliyechotwa.

Kabla mtu hajalalamika, Refa alitazama saa yake kwa muda mrefu, akaugeuza mkono kana kwamba saa imekaa juu chini, kisha akapuliza filimbi ya mwisho. Muda ulikuwa bado. Kibendera changu kilikuwa juu, nakitikisa kama mtu anayefukuza nyuki. Hakunitazama. Aliinua mtungi wake, akanywa, akaondoka uwanjani kuelekea upande ambao hauendi Makadara.

"Refa amekula!" Kapteni wa Baba Dogo alipaza sauti. Ni mtu mrefu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, sauti yake imezoea kushindana na mashine. "Amekula! Mzee amenunuliwa!"

"Amenunuliwa na mbuzi!" mwingine akadakia, na watu wakacheka ile mbaya.

Kariobangi hawakungoja rufaa. Jioni hiyo mbuzi alikuwa juu ya makaa.

Nilimfuata Refa na kumrudisha nyumbani kwa boda boda. Mlangoni alijaribu kuingiza filimbi kwenye tundu la kufuli. Mama Supu akaja mbio, mikono ina mafuta.

"Ni jua hilo. Jua limempiga. Mpeni maji!"

Tukampa maji. Akatapika, tukasema amepoteza maji, tukampa mengine. Ploti nzima ilikuja, kila mtu na kikombe chake. Mimi nilikuwa kwenye simu nikitafuta dalili, na kufikia usiku nilikuwa nimeshampata na kiharusi, malaria ya kichwani na magonjwa mawili ya Amerika Kusini. Chumvi kupungua kwenye damu haikunijia hata kidogo. Asubuhi akanitazama kwa adabu, kama mtu aliyekutana nami ofisini, akauliza, "Mama, zimebaki dakika ngapi?"

Tulikodi teksi hadi hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu, amechoka, kalamu nyuma ya sikio. Aliuliza maswali mengi, kisha akauliza moja ambalo tulilifurahia.

"Anakunywa maji?"

"Mengi sana, daktari," Mama Supu alijibu kwa fahari ya mzazi aliyeulizwa matokeo ya mtihani. "Hata leo asubuhi tumemnywesha jagi zima."

Daktari aliacha kuandika. "Msimpe tena hata tone mpaka niseme."

Majibu ya damu yaliporudi, alituketisha kwenye benchi ya koridoni akatueleza taratibu. Sodiamu yake ilikuwa chini sana. Iko homoni inayotoka kwenye ubongo, kazi yake ni kuziambia figo zishike maji mwili unapokauka. Kwa Refa ilikuwa inaendelea kutoa amri hiyo hata mwili ukiwa umejaa. Anakunywa, maji hayatoki inavyopaswa, na chumvi iliyomo kwenye damu inazimuliwa. Ubongo nao unavuta maji, unavimba. Hapo mtu anapotea akiwa amesimama.

Mimi niliyesoma usiku kucha nilikuwa bado nakunja uso. Mama Supu alishaelewa.

"Ni supu yangu ya saa saba," alisema. "Wateja wakizidi naongeza maji. Chumvi ni ileile, lakini huisikii."

"Kabisa," daktari alisema.

Habari ikafika ploti kwamba Refa ameishiwa chumvi, na kesho yake wageni walikuja na njugu za chumvi, krisps, na mmoja na pakiti ya chumvi yenyewe. Daktari alivikusanya vyote. Shida haikuwa chumvi kupungua, alisema, ni maji kuzidi. Na sodiamu lazima ipandishwe polepole, kwa sababu ikipanda kwa haraka inaumiza ubongo. Kwa hiyo Refa, mtu wa mtungi, alipimiwa maji kwa kikombe kidogo kama cha dawa ya kikohozi.

Siku chache zilipita akiwa amelala tu, akiitikia vitu ambavyo hatukuvisema. Nilikaa kando ya kitanda nikipiga pindo za jezi kwa mkono, nikizifumua, nikizipiga tena. Mchana mmoja Mama Supu alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili habari ya supu ya saa saba na kuongeza maji. Refa, akiwa amefumba macho, akasema kwa sauti kavu:

"Nilijua."

Tukageuka.

"Nilijua unaongezanga maji." Mkono wake ukapapasa kifua cha nguo ya hospitali, mahali ambapo mfuko ungekuwa. "Njano."

Mama Supu alilia mpaka nesi akaja kuuliza nani amefariki.

Daktari alikuwa ametafuta chanzo kila mahali. Picha ya kifua, ya kichwa, tezi ya shingo, figo, vyote vilikuwa safi. Kilichobaki ni kile kidonge cheupe. "Naiandika dawa hii kila siku, na inaokoa watu," alituambia. "Kuleta jambo hili ni nadra sana, na wenzangu wawili wamenibishia. Siwezi kuapa. Lakini hali hii ilianza baada yake, na vingine vyote nimevikagua." Aliisimamisha, akampa dawa ya presha ya aina nyingine, akaendelea kumpimia maji. Sodiamu ikapanda, ikakaa. Mama Supu, ambaye naye humeza kidonge kilekile, alitangaza kwamba anakwenda kukitupa. Daktari alimtazama kwa namna ambayo kidonge kilibaki kwenye mkoba, na bado anakimeza, na bado yuko sawa kabisa.

"Huyo msichana ni refa," Refa alisema tulipokuwa tukirudi nyumbani. "Amengoja aone mchezo wote ndipo akapuliza."

Mwili ukapona hivyo. Jina lilikuwa jambo lingine.

Mara ya kwanza ilikuwa pale stejini. Kijana mmoja kwenye kikundi cha vijana alilia kama mbuzi, "Meee!" Refa aliendelea kutembea. Mara ya pili ilikuwa watoto wadogo kabisa, ambao hawakujua hata kwa nini wanalia hivyo, walijua tu kwamba yule mzee akipita ndivyo inavyofanywa. Jumapili zikaja na kwenda bila simu ya kumwita uwanjani. Kadi zikaacha kutoka mfukoni. Mfereji ukatiririka uani mchana kutwa, yeye akapita akaufunga kimya kimya kwa mkono wake. Hilo lilinitisha kuliko hospitali.

Nilikuwa na mpango, bila shaka. Nilitaka daktari aje uwanjani aseme. Nilitaka kipaza sauti cha kanisa. Nilikuwa nimeandika hotuba na kuisahihisha hadi haikuwa na kosa wala uhai.

"Hapana," alisema.

"Basi tuwanunulie mbuzi mwingine."

"Nikinunua mbuzi, nimekubali nilimuuza wa kwanza."

Mwishowe alinituma nimwite Kapteni wa Baba Dogo. Alikuja kwenye kibanda baada ya kazi, ananukia sabuni, akakaa upande wa pili wa ubao wa drafti.

"Sasa, buda," alimsalimia mzee.

"Salama. Nilikuwa mgonjwa siku ile."

Nilishtuka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akijieleza.

"Tuliambiwa," Kapteni alisema. "Eti maji. Buda, maji gani yanalewesha mtu? Mimi nikikosea kiwandani sisemi ni maji. Kila anayeshikwa huwa mgonjwa. Hata wabunge."

Mama Supu akafungua mdomo kuanza habari ya supu. Refa akamzuia kwa kiganja.

"Usiniamini," alimwambia Kapteni. "Lakini mechi haikuisha. Niliisimamisha kabla ya muda. Ile nyekundu naifuta, penalti ni yenu. Njooni tumalize dakika zilizobaki."

"Mbuzi ameliwa."

"Hakuna mbuzi."

Kapteni alisukuma kifuniko kimoja kwenye ubao. "Nani atapuliza?"

Refa akanielekezea kidole.

Jumapili hiyo uwanja ulijaa kuliko fainali. Kariobangi walikuja wakinung'unika, lakini walikuja, kwa sababu hata wao hawakupenda kuambiwa walipewa mbuzi. Refa alifika na mtungi wake, mtupu, akaugeuza akaukalia pembeni kwenye mstari wa katikati. Saa ya mechi ilikuwa mkononi mwake. Kapteni ndiye aliyetaka hivyo. Alimwendea mbele ya watu wote akaiweka kiganjani mwake, akasema kwa sauti ile ya kiwandani, "Ulituibia dakika, buda. Turudishie wewe mwenyewe."

Mtu akalia "Meee!" Wachache wakacheka. Refa alikuwa akiitazama saa.

Niliweka mpira kwenye alama ya penalti. Niliutoa, nikaupangusa, nikaurudisha. Nikajiambia miguu, ona miguu. Nikapuliza. Yule mshambuliaji mwembamba, ambaye alikuwa amebeba hasira ya siku ile muda wote huo, alikimbia, akapiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukapanda juu ya goli, juu ya vichwa, ukatua kwenye mabati ya jua kali kwa kishindo kilichosikika hadi Kariobangi.

Tukangoja mafundi wamalize kuchomelea. Hapakuwa na jinsi. Uwanja mzima umesimama, timu mbili mikono viunoni, na Refa kwenye mtungi, amesimamisha saa, hajainua kichwa.

Mpira uliporudi, Baba Dogo walishambulia kama watu wanaodaiwa roho. Waligonga mwamba. Mara mbili walilalamika nimewanyima, nami sikueleza. Nilikuwa nikimtazama Refa kwa pembe ya jicho, nikitamani anipe ishara mapema, maana pumzi ilikuwa imeniishia. Hakunipa. Jua likateremka nyuma ya magorofa na bado hakunipa. Alizirudisha dakika zote, na zile za mafundi juu yake, ndipo akainua mkono.

Nikapuliza. Moja bila, Kariobangi, kama ilivyokuwa.

Kapteni wa Baba Dogo alibaki ameinama, mikono magotini. Kisha akaanza kucheka. Alimtazama mshambuliaji wake, akatazama mabati, akacheka tena.

"Kumbe hatukuuzwa," alisema. "Hatujui kupiga tu."

Akavuka uwanja, akachukua chupa ya maji kwa wachezaji wake na kikombe cha plastiki, akamfikia mzee aliyekaa juu ya mtungi wake mtupu. Akajaza kikombe hadi ukingoni, kama unavyomjazia mgeni. Watu walikuwa wamewazunguka, na wale vijana wa "meee" walikuwemo.

Refa alikitazama kile kikombe. Najua jinsi alivyokitamani.

"Nusu," alisema.

Kapteni akamimina nusu chini kwenye vumbi, na hakuna aliyebisha.